Pijo Iliyokwama Mpondwe

Afisa Byamukama alifunua boneti, akachungulia, kisha akalifunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mna mtu ndani. Akamtazama Siraje. Akaitazama Pijo 404, nyeupe ya maziwa, iliyopanguswa mpaka inang'aa, imesimama katikati ya malori ya mbao ndani ya yadi ya forodha pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Akafunua tena.

"Hii gari ni ya mwaka gani?"

"Sitini na saba, afande," Siraje akajibu, kifua mbele.

"Na hii injini?"

Siraje akakohoa. Mkewe Aminah, aliyekuwa nyuma yake amekumbatia mkoba wenye karatasi zote za gari, alikiona kile kifua kikirudi ndani.

Aminah hakuwa mtu wa magari. Alikuwa mtu wa mitumba, na mitumba hiyo ndiyo iliyonunua Haisi yao, taksi ya abiria kati ya Kasese na Bwera, iliyowalisha na kuwasomesha watoto. Alisogea kwenye boneti kwa sababu kila mtu pale yadini alikuwa anasogea, madereva, wapagazi na mama wa maandazi. Akachungulia naye. Bomba la maji la rejeta lilikuwa limefungwa kwa kipande cha kitenge cha manjano chenye tausi wa kijani. Kitenge kile alikichana yeye mwenyewe, kwenye pindo la gauni alilokuwa amevaa, siku Haisi ilipochemka njiani kule Munkunyu.

"Siraje," alisema. Mbele za watu humwita Baba Huzaifa, na Siraje alipolisikia jina lake tupu akajua mambo yameharibika. "Hii si injini ya taksi yangu?"

Siraje akatazama viatu vyake. Wapagazi walijibu kwa niaba yake, kwa kicheko.

Kwa majuma kadhaa Siraje alikuwa akimwambia mkewe kwamba Haisi iko gereji Kasese, inangoja gasketi kutoka Kampala. Aminah aliiombea gasketi ile katika kila swala. Sasa alisimama mbele ya watu asiowajua, uso unamwaka moto, akijiona mjinga kuliko wote waliowahi kupita mpaka ule.

"Madamu, sikiliza," Byamukama alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Gari ya umri huu haiingii hivi hivi. Kibali chenu kinasema ni gari ya kale, na kila kitu chake cha kwanza kiko ndani. Karatasi za Kongo ziko na namba ya injini ingine. Mimi hapa naona Toyota. Huyu mzee mmemwekea moyo ya kijana. Leteni injini yake, au mrudishe gari Kasindi, upande wa Kongo. Na kila siku inayolala hapa, mnalipa."

*

Nje ya geti palikuwa na kibanda cha chai. Aminah aliketi, akaagiza kikombe kimoja. Siraje akaagiza chake mwenyewe.

Haki ya Mungu, Siraje hakuona kosa alilofanya. Tumsamehe kidogo. Kwa fundi wa Kasindi na kwa fundi wa Bwera, gari la kale likianza kukohoa hutiwa injini ya Toyota, na mwenye gari hupongezwa kama aliyepeleka mtoto wake kusoma. Spea zinapatikana, mlima unapandika, kila mtu ana furaha. Siraje alikuwa amepanga Pijo iwe ya kubeba maharusi mjini Kasese, ambako kila bibi harusi hupanda gari moja na mwenzake wa wiki iliyopita. Injini ya asili, ya dizeli, ilikuwa inawaka vizuri, ila polepole. Akaona aibu kumkwamisha bibi harusi mlimani. Pesa ya injini nyingine hana. Haisi ipo, akaivusha injini yake hadi Kasindi.

"Mimi nilisema harusi mbili tatu zikishapita, nanunua injini ingine, narudisha ya taksi," alisema. "Hata hungejua."

"Hapo ndio unajitetea ama unanimaliza?"

"Mama Huzaifa, ilikuwa mpango."

"Mpango ya kunidanganya. Mimi naomba Mungu alete gasketi, wewe unasema amina!" Aminah alikuwa ameanza kulia, na ilimuudhi kulia mbele ya muuza chai. "Ile ya Pijo iko wapi?"

"Karambi, huku kwetu. Nilimuuzia mama mmoja wa mashine ya kusaga, anaitwa Ednah. Inasaga muhogo."

"Ilivuka mpaka namna gani?"

Siraje akatazama upande wa mto Lhubiriha, unaogawa nchi hizo mbili, kisha akatazama chai yake. "Siku ya soko," alisema.

Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Siku ya soko maji ya mto yakiwa magotini, huvuka kahawa, huvuka vitenge, huvuka majani ya chai, na ikiwa wapagazi ni wanne na mti wa kubebea ni imara, huvuka hata injini.

Wakati huo alifika Sosthène, mfanyabiashara wa kahawa wa Butembo, Kongo, ambaye vurugu za kwao zilimtoa nyumbani, na sasa alikuwa amepanga vyumba viwili Bwera pamoja na mkewe Sophie. Pijo ilikuwa yake, na kabla yake ilikuwa ya baba yake. Alimuuzia Siraje kwa bei ya kuonea huruma, kwa ahadi moja tu: isibadilishwe kitu. Wapagazi walikwisha kumsimulia yote kabla hajafika kibandani. Habari pale mpakani hazilipi ushuru.

"Siraje, weye ni mutu wa namna gani?" alisema, bila kuketi. "Miye nilikuachia motuka ya papa bei ya bule, juu uliniapia haitatoka kitu. Bibi-arusi yote ya kanisa yetu, paruasi muzima, waliingia mule ndani. Mama yangu aliingia mule. Na weye ulitosha moteri, ukaondoa injini ya papa, ukaipeleka kusaga bugali?"

"Papa Sosthène, nisamehe. Nitairudisha."

"Utairudisha na nini?"

Siraje aliinama mbele, akashusha sauti. Alikuwa na mpango mwingine, na huu aliuona mzuri zaidi. Wangeichukua injini Karambi, wairudishe Kasindi kwa njia ileile ya mtoni, kisha iletwe tena kwa barabara kama inaingia kwa mara ya kwanza, na karatasi, na heshima zake zote.

Aminah alikiweka kikombe chini. "Yaani injini irudi Kongo kwa magendo," alisema, "ili ipate kuingia Uganda kihalali?"

"Ndiyo."

Kicheko kilimtoka Aminah pasipo ruhusa yake, na machozi bado yako mashavuni. Hata Sosthène mdomo ulimcheza kidogo. Kisha Aminah akaufunga mkoba, akasimama.

"Wewe umeshapanga vya kutosha," alimwambia Siraje. "Sasa utabeba huu mkoba, na utanyamaza."

*

Mashine ya Ednah ilisikika kabla haijaonekana. Ilikuwa chini ya paa la mabati, njia ya kuelekea kanisani Karambi, na akina mama walikuwa kwenye foleni na beseni za muhogo mkavu. Injini ya Pijo ilikuwa imefungwa juu ya magogo, inazungusha mkanda kwa mlio wa utulivu. Ednah mwenyewe, mwanamke mnene wa umri wa kuwa bibi, alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

Aminah alisalimu kwa Lhukonzo, "Wasibire, mama," akasubiri foleni iishe, kwani hakutaka kumwomba mtu riziki yake mbele ya wateja. Kisha akaeleza kila kitu, na hakumficha mumewe hata kwa neno moja. Siraje alisimama pembeni ameshika mkoba, akisomewa hukumu.

"Hapana," Ednah alisema.

"Mama, hata sijamaliza."

"Nimesikia mwisho wake. Ile injini yangu ya kwanza ilikuwa mlevi, pesa yote ilikunywa. Hii inakunywa kidogo, inafanya kazi, hainung'uniki. Kuliko mzee wangu Ruben." Akamgeukia Siraje. "Na wewe uliniambia ni yako, hakuna mtu mwingine ataiuliza."

"Ilikuwa yangu," Siraje alisema kwa sauti ndogo.

"Tutakuletea ingine," Aminah alisema. "Toyota. Iko na nguvu kuliko hii, na spea zake ziko kila duka. Ilikuwa kwa taksi yangu."

Maneno yale yalimtoka kabla hajayapima. Injini zilikuwa mbili, na wenye kuzingojea watatu: Pijo, mashine ya Ednah, na Haisi iliyokuwa imelala Kasese bila moyo. Alikuwa ameichagua Haisi ibaki mikono mitupu. Siraje naye alielewa, akainua uso kwa mshtuko.

"Mama Huzaifa, taksi..."

"Nilikuambia unyamaze."

Ednah aliwatazama wote wawili. Alijifuta unga usoni kwa kanga, na pasipo unga alionekana mtu wa upole zaidi.

"Hiyo gari ni ya kufanya nini, mpaka unatoa taksi?"

"Ya maharusi."

"Aa," Ednah alisema. Akaanza kuongea huku anachezea mkanda wa mashine, iliyokwisha kuzimwa. Yeye na Ruben walikuwa wameishi pamoja tangu ujana, mbuzi wa mahari walishatolewa zamani na kuliwa, wajukuu walikuwepo. Lakini pete ya kanisani hawakupata, maana kila mwaka pesa ya harusi iliugua na mtu au iliingia shuleni na mtoto. Na bila pete, kwenye umoja wa akina mama wa kanisa haruhusiwi. Wenzake wanavaa sare, wanaingia mbele, yeye anakaa nyuma na wasichana waliopata mimba. "Pesa ya hii mashine naweka kwa harusi. Mwaka huu tunafunga. Watu wanacheka. Wanasema bibi harusi ataenda kanisani na fimbo."

"Wacheke," Aminah alisema kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. Siku ile alikuwa amechekwa vya kutosha kujua ladha yake.

"Basi sikia. Hiyo Toyota ije kwanza, iwake hapa, isage, mimi nione unga. Hapo ndiyo hii inatoka. Na siku yangu, hiyo gari inakuja kunichukua kwa mlango wangu. Bule. Na maua."

"Na maua," Aminah alisema, akampa mkono.

*

Kesho yake Aminah alirudi yadini, akaomba kumwona Byamukama. Aliambiwa asubiri kwenye benchi. Alisubiri. Mkubwa yuko kwenye simu, mkubwa ameenda kula, mkubwa amerudi lakini ana wageni. Watu wenye mifuko ya ngozi walifika baada yake wakaingia kabla yake. Siraje, aliyeketi kando yake na mkoba mapajani, alimnong'oneza kwamba yuko mtu mmoja pale nje anayeweza kulimaliza jambo hili kwa soda tu. Aminah hakugeuka hata kumtazama.

Alipoitwa, ofisi ilikuwa imejaa. Alitaka kusema kwa faragha. Byamukama alimwambia aseme tu. Akasema. Kwamba injini ya Pijo haiko Kongo, iko Karambi, ilivushwa mtoni siku ya soko bila kulipiwa. Kwamba wanaweza kuirudisha Kasindi kwa njia ileile na kudanganya, lakini yeye uongo umemchosha, nyumbani ameula wa kutosha. Anataka injini iingie garini palepale yadini, mchana, kila mtu akiona, na waambiwe wanachodaiwa.

Vijana wa ofisini walikuwa wamekwisha kuacha kazi. Mmoja alicheka mpaka akainamia meza. Byamukama alikuna kidevu.

"Ngoja nielewe, madamu. Injini ya Uganda ilienda Kongo bila ruhusa. Injini ya Kongo ikaja Uganda bila ruhusa. Sasa unataka zikutane hapa kwangu, zisalimiane, na kila moja irudi kwake?"

"Ndiyo, afande."

"Na mwenye hii akili ni nani?"

Siraje alisimama. Hakutumwa na mtu. "Ni mimi, afande. Mke wangu hakujua kitu. Alijua siku moja na wewe."

Ofisi ilicheka tena, ila safari hii Aminah hakukiona kicheko kile kuwa chake. Alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu boneti lifunuliwe, hasira yake ilikaa chini kidogo, ikavua viatu.

Byamukama aliwaandikia ushuru wa injini, na faini juu yake. Hakuwaonea, wala hakuwapunguzia. "Mtu anayekuja kujishtaki hapa hatumwoni mara nyingi," alisema akipiga muhuri. "Nikikufukuza, wengine hawatakuja."

*

Pesa ya faini haikuwepo. Kilichokuwepo ni bodi la Haisi, na Saudah, mwanamke wa saluni Kasese, alikuwa ametafuta kwa muda mrefu mahali pa kusukia ambapo mvua haiingii. Alilizunguka mara mbili, akapiga viti kofi, akasema vinne vitabaki kwa wateja wanaongoja. Vijana walilisukuma hadi kando ya barabara, karibu na soko. Aminah alilifuata kwa nyuma kama anayefuata jeneza, na alipofika alivua tasbihi iliyokuwa inaning'inia kwenye kioo, akaitia mkobani. Alilia. Taksi ile ilikuwa kitu cha kwanza kuwa chake katika maisha yake yote.

Jioni ile alipika Siraje. Viazi vilikuwa vigumu, na watoto waliambiwa wavile hivyohivyo.

*

Toyota ilitolewa kwenye Pijo palepale yadini, kwa mnyororo ulioning'inizwa kwenye miti mitatu ya mikaratusi, na ikapelekwa Karambi kwa pikapu ya kukodi. Ednah aliisimamia mpaka iwake, akaunusa unga, akautia mdomoni, akasema una ladha ya Toyota. Kisha akacheka na kuiachia nyingine.

Injini ya asili ilirudi Mpondwe imejaa unga wa muhogo kila kona. Sosthène alivua shati. Siraje na fundi walibaki kumtazama, maana hawakujua kwamba mfanyabiashara yule wa kahawa anaijua injini ile kiasi kile. Ujana wake wote aliutumia kuisafisha chini ya boneti hilo, baba yake amesimama juu yake. Aliipangusa kwa dizeli na gunzi la muhindi, akiongea nayo Kinande kwa sauti ya chini.

Ilipokaa mahali pake, Siraje aliingia, akapiga stata. Ikaguna. Akapiga tena. Ikaguna, ikanyamaza. Madereva wa malori walikwisha kusogea. Wapagazi walikuwa wanawekeana dau la chai.

"Acha, acha," Sosthène alisema. "Weye unaiharakisha. Iko na baridi. Buji inapata moto kwanza, unahesabia, kisha unaita." Alimwonyesha kitufe cha kupashia moto, akahesabu kwa Kifaransa kwa utulivu wa padri. "Ita sasa."

Pijo ilitoa wingu la moshi, wingu lenye unga ndani yake, likamtia Byamukama weupe kuanzia kofia mpaka kiatu. Kisha ikanguruma kwa ule mlio wake wa taratibu. Yadi nzima ilipiga kelele. Sosthène aliweka kiganja juu ya boneti na kukiacha pale, amebana midomo, macho yamejaa machozi.

"Papa angecheka," alisema mwishowe. "Angecheka, halafu angekupiga, Siraje."

Byamukama alikung'uta kofia yake. Alisoma namba ya injini, akaisoma tena kwenye karatasi, akaonekana kusikitika kidogo kwamba hana tena cha kuuliza.

"Toeni hii gari hapa," alisema. "Imenichafulia nguo."

*

Siku ya harusi ya Ednah, Pijo ilipanda Karambi polepole sana, ikiwa na maua kwenye boneti na utepe wa waridi. Haikukwama. Ilienda kwa mwendo ambao watoto waliweza kuufuata kwa miguu, na kwa hiyo watoto wote wa njia ile waliufuata, na wanawake waliotoka mashambani na majembe walipata muda wa kumwona bibi harusi vizuri, kumpungia, na kumtazama tena. Gari la haraka lingewanyima hayo yote. Siraje, ndani ya koti aliloazima, aliliona hilo kwenye kioo, na aliona jinsi alivyokuwa mpumbavu.

Ednah alikuwa nyuma, amevaa gauni jeupe na shela, ameshika mkono wa Aminah, ambaye alikataa kupanda mpaka alipovutwa. "Mimi ni Muislamu, nitafanya nini kanisani?" alikuwa amesema. "Utanishikia mkono mpaka mlangoni," Ednah alijibu. "Kutoka hapo Ruben ataendelea." Alikuwa anajitazama kwenye kioo kila kona, bibi huyu wa wajukuu, kama msichana. Mlangoni pa kanisa akina mama wenye sare walikuwa wamejipanga pande mbili wakipiga vigelegele, na Ednah alishuka katikati yao kichwa juu. "Wasingya," alimshukuru Aminah, "wasingya kutsibu," akaachia mkono, akaenda.

Ibada ilipokuwa inaendelea, Siraje na Aminah walibaki nje na gari. Sosthène na Sophie walikuwa ndani, waimbaji wazuri, Wakatoliki katika kanisa lisilo lao. Sauti zao zilisikika juu ya wengine.

Alikuja bwana mmoja wa makamo, amevaa suti, mgeni aliyetoka Kitswamba. Aliizunguka Pijo. Akaikodolea macho dashibodi, akagusa usukani kwa kidole kimoja kupitia dirishani. Binti yake anaolewa baada ya mavuno, alisema. Hataki magari yale ya kila mtu.

"Mzee, hii mnakodisha ngapi?" alimuuliza Siraje.

Siraje alifungua mdomo. Bei alikuwa nayo, aliipanga tangu Kasindi. Akaufunga mdomo tena, akarudi nyuma hatua moja na kumwelekeza yule bwana kwa mkono.

"Muulize mwenye gari," alisema. "Ni huyu mama. Hata kadi yake nimeandikisha jina lake. Mimi ni dereva."

Aminah alimgeukia. Hakuwa amejua. Mumewe alikuwa anatazama chini, anajifanya kupangusa taa ambayo haikuwa na vumbi. Kisha Aminah akamgeukia yule bwana, akataja bei iliyomfanya Siraje aiachie ile taa.

"Mama!" yule bwana alisema. "Mimi sinunui gari, nakodi tu siku moja."

"Na mafuta ni juu yako," Aminah alisema. "Na haiendeshwi haraka. Anayetaka haraka aite pikipiki."

Yule bwana alilitazama gari. Alimtazama Aminah. Alilitazama gari tena, akatoa simu kumpigia mama wa binti, na walimsikia akisema kwamba amelipata, kwamba ni la kale, jeupe, na kwamba bei yake wasiizungumze kwenye simu.

Alipokwenda zake, Siraje alisogea karibu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mama Huzaifa," alisema, "na dereva je, anapewa ngapi?"

Aminah alikuwa anatazama mlango wa kanisa, ambako vigelegele vilikuwa vimeanza upya. Alijaribu kukaza uso, ukamshinda.

"Dereva," alisema, "tutaongea naye nyumbani."